Lisbon kwa miguu, nikiitafuta dhahabu ya Kilwa

Jumamosi, 8 Juni

Nimetua Lisbon alasiri, baada ya kulala nusu usiku kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Istanbul. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma hapa shahada ya pili ya mambo ya bahari, alikuwa ananisubiri mlangoni akiwa ameshika chupa ya maji. "Shikamoo shangazi." Nilipomwitikia alichukua begi langu kubwa, na sikumpinga, maana nilikuwa nimechoka kweli.

Anaishi Graça, mtaa ulio juu ya kilima, ghorofa ya nne, na nyumba haina lifti. Dirishani kwake unauona mto Tejo ukimeta kama bahari. Saa mbili usiku jua lilikuwa bado juu, watoto wanacheza mpira barabarani. Adhana ya Magharibi kwenye simu yangu imelia saa tatu usiku. Nimeswali nikiangalia anga ambayo kwetu ingekuwa ya saa kumi na mbili na nusu.

Sababu ya safari hii naiandika mapema, nisije nikaisahau katikati ya mambo mengi. Ninafundisha historia Kilwa Masoko. Baba yangu kwa zaidi ya miaka thelathini amevusha wageni kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, akiwaonyesha magofu ya Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Kila akifika Gereza huwaambia wageni kwamba Wareno walichukua dhahabu ya Kilwa wakaenda nayo kwao. Siku moja mgeni alimuuliza, "Ilikwenda wapi hasa?" Baba hakuwa na jibu, na swali hilo amekaa nalo miaka. Nilipomuaga alisema neno moja tu: "Kaniulizie."

Jumapili, 9 Juni

Mchana nimelala. Jioni ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe, matembezi ya kuongozwa kwa miguu, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne usiku. Mpwa wangu alinilipia kwa simu tangu wiki iliyopita. Tulikuwa watu kumi na wanane, wengi Wabrazil na Waingereza, na sisi wawili tu Waafrika. Mwongozaji ni mwanamume Mreno wa makamo, mwenye sauti nzito na viatu vilivyokwisha kisigino. Anazungumza Kiingereza polepole, na akifika kwenye jambo linalomgusa hunyamaza kwanza, ndipo aseme.

Tulianzia Largo do Carmo, uwanja mdogo wenye kivuli cha mijakaranda. Upande mmoja lipo kanisa la watawa wa Karmeli, lililoanzishwa mwaka 1389, ambalo halina paa. Matao yake yamesimama wazi kama mbavu za jahazi lililopandishwa pwani likaoza. Nimeyaona mawe ya namna hiyo tangu utotoni, na nikajua mara moja kwamba hapo palitokea kitu kikubwa. Lakini mwongozaji alisema habari ya paa itakuja baadaye. Kwanza alitugeuza tutazame kambi ya askari iliyo pembeni ya kanisa.

Hapo, tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijifungia ndani huku vijana wa jeshi lake mwenyewe wakiwa wameizunguka kambi kwa magari ya deraya. Aliyewaongoza, kapteni Salgueiro Maia, hakuwa hata na miaka thelathini. Watu walijaa uwanjani, wengine wakapanda juu ya miti. Jioni Caetano alisalimu amri, na utawala wa kidikteta uliodumu karibu nusu karne ukaanguka kwa siku moja. Mama mmoja, Celeste Caeiro, alikuwa amewagawia askari maua ya mikarafuu, wakayachomeka kwenye mitutu ya bunduki. Nimeandika mikarafuu kwa kukosa neno jingine. Si karafuu yetu ya Pemba, ni ua jekundu la bustanini.

Kisha mwongozaji akanyamaza. Alipoanza tena alisema kwamba askari wale hawakuamka tu asubuhi moja wakaipenda demokrasia. Walikuwa wamechoshwa na vita vya miaka kumi na mitatu Angola, Gine-Bisau na Msumbiji. Baba yake alipelekwa Mueda, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, akiwa na miaka ishirini na moja.

Mueda! Hapo ni ng'ambo tu ya Ruvuma. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi, nikamwambia kwamba mimi natoka kusini mwa Tanzania, kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kwamba kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa palepale Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Februari 1969, na kwamba baba yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori akipeleka vyakula kambini Nachingwea, walikokuwa wakifundishwa wapiganaji. Sikusema kwa hasira. Nilisema kwa sababu nilitaka na upande ule wa mto utajwe pale uwanjani, mbele ya kambi ile.

Alinitazama muda. Akasema, "Baba yangu hakuwahi kuzungumza habari za Mueda. Hata mara moja." Wabrazil walikuwa kimya. Tukaanza kushuka ngazi kuelekea Rossio, na tangu hapo alitembea karibu na sisi.

Rossio ni uwanja mkubwa ambao sakafu yake ni mawe madogo meupe na meusi, yamepangwa mfano wa mawimbi. Ukitazama muda mrefu unaweza kupata kichefuchefu cha baharini. Niwatahadharishe watakaokuja: mawe haya yamesuguliwa na nyayo za watu mpaka yanateleza kama sahani. Vaeni viatu vya raba vinavyoshika. Mimi nilivaa sendo nilizonunua Kariakoo, na mara mbili mpwa wangu alinidaka.

Nyuma ya Rossio kuna kiuwanja, Largo de São Domingos, nilichokipenda kuliko vyote vya mjini katikati. Wanakaa pale wazee wa Gine-Bisau waliovaa kanzu pana za Afrika Magharibi, wanawake wameweka karanga za kola kwenye beseni, wanaume wamesimama wakizungumza mambo ya kwao. Nilitoa salamu, "Asalaam aleikum," ikapokelewa na watu kama sita kwa pamoja. Mwongozaji alieleza kwamba Waafrika kukutana hapa si jambo la juzi. Katika nyumba ya watawa wa São Domingos ndipo watu weusi wa Lisbon, watumwa na walioachwa huru, walipokuwa na chama chao cha kidini, cha Bibi Yetu wa Rozari, tangu mamia ya miaka iliyopita. Walikuwa wakizikana na kuchangiana, na wakipigania wenzao wapate uhuru.

Katikati ya kiuwanja kuna jiwe la ukumbusho lenye nyota ya Daudi. Aprili mwaka 1506 watu waliokuwa wakisali ndani ya kanisa hilo walimgeukia mmoja wao, Myahudi aliyebatizwa kwa kulazimishwa, wakamuua, kisha wakatoka mitaani. Kwa siku tatu waliwawinda wengine kama yeye, na waliouawa ni kwa maelfu. Tuliingia kanisani. Moto wa mwaka 1959 uliyala mapambo yote, na hawakuyarudisha. Nguzo zimebaki zimepasukapasuka, kuta zina rangi ya makaa na ya udongo. Nimewahi kuingia makanisa mazuri, lakini hili ndilo la kwanza kuniambia ukweli wa lililotokea.

Mwaka 1506. Niliuandika kwenye daftari na kuuzungushia duara, bila kujua bado kwa nini.

Kutoka hapo unaingia Baixa, mji wa chini, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Hapa ndipo mwongozaji alipotulipa deni la paa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka. Makanisa yaliwaangukia waumini. Waliosalimika walikimbilia ufukweni kwenye uwazi. Wakaona maji yamekupwa kuliko kawaida, mpaka mabaki ya meli za zamani yakaonekana kwenye tope, na kisha bahari ikarudi juu yao. Mishumaa iliyoanguka iliwasha moto uliowaka siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu.

Aliyejenga upya ni waziri wa mfalme, tunayemjua kwa cheo cha Marquês de Pombal. Mafundi wake walibuni kiunzi cha mbao kilichofichwa ndani ya ukuta wa mawe, wakakiita kizimba, ili tetemeko likija mbao zipinde na kurudi, nyumba isimwagike. Inasemekana walikijaribu kwa kuwapigisha askari kwata kandokando ya mfano wa nyumba. Nilipoelezwa hivyo nilifikiria nyumba za kwetu za boriti za mikoko, fito na udongo. Udongo hupasuka, fito hushika. Babu zetu hawakuhitaji tetemeko kulijua hilo, ila hakuna aliyeliandika.

Mitaa ya Baixa ilipewa majina ya kazi. Kuna Rua da Prata, mtaa wa fedha ile ya kufulia pete. Kuna Rua dos Sapateiros, mtaa wa washona viatu. Mpwa wangu akadakia, "Sapatu!" Basi mchezo ukaanza. Nikamtajia mwongozaji maneno tunayoyatumia kila siku, na yeye akiyarudisha kwa Kireno: meza, mesa, bendera, bandeira, leso, lenço, foronya, fronha, mvinyo, vinho. Alifurahi mpaka akawaita wengine wasikilize. Nikamaliza na gereza. Hilo hakulikamata, nikalazimika kumsaidia: ni igreja, kanisa. Wareno walipojenga ngome pwani kwetu waliweka na kanisa ndani yake. Watu wakasikia jina, wakaliita jengo zima hivyo. Kisha ngome zikafungiwa watu. Leo mtoto wa Kiswahili ukimwambia gereza anafikiri pingu na askari, na magofu ya ngome pale Kilwa Kisiwani yanaitwa Gereza mpaka kesho.

Alilirudia polepole, "Igreja, gereza," mara mbili, na safari hii hakutabasamu.

Mtaa uliofuata ni Rua do Ouro, mtaa wa dhahabu, kwa ajili ya masonara. Nikamuuliza hapohapo: dhahabu ya Kilwa ilikwenda wapi? Nilidhani ataniambia iliyeyushwa ikawa sarafu, na nyingi ilikuwa hivyo bila shaka. Alisimama. "Nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Uliza Custódia de Belém. Kesho Jumatatu wamefunga. Nenda Jumanne." Hakuongeza neno, akaendelea na kundi.

Jua lilizama tukiwa Praça do Comércio, uwanja ulio wazi kwa mto upande mmoja. Hapa lilikuwepo jumba la wafalme, Paço da Ribeira, na pembeni yake Casa da Índia, ofisi iliyohesabu kila gunia la pilipili na kila kipande cha dhahabu kilichotoka Bahari ya Hindi. Vyote viwili vilimezwa mwaka 1755. Kuna ngazi za mawe zinazoteremka mpaka majini, na nguzo mbili zimesimama mtoni. Nilichovya mkono. Maji yana chumvi, maana bahari hupanda mpaka hapa. Mwongozaji alitaja Vasco da Gama na pilipili na ujasiri wa mabaharia, kama inavyotajwa siku zote. Nami simlaumu kwa kusema habari za ujasiri, maana kuzunguka Rasi kwa mashua za mbao ni ujasiri. Lakini wale Waingereza walikuwa wakiitikia kwa vichwa, na niliona nisipoongeza litaondoka bila kutajwa. Nikasema kwamba mwaka 1502, aliporudi mara ya pili, Gama alifika Kilwa na meli zake zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wetu, Amir Ibrahim, kulipa dhahabu ili mji usipigwe. Na kwamba Julai 1505 zilikuja meli za Francisco de Almeida, na mji ukapigwa na kuporwa.

Bibi mmoja wa Kiingereza aliniuliza, "Na ilikuwa mji mkubwa?" Nikamwambia msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu, na kwamba dhahabu ya kutoka bara, Zimbabwe, iliyopitia bandari ya Sofala ilikuwa ikipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Akaandika jina kwenye simu yake, akaniomba nimtajie herufi.

Alfama tuliifikia giza limeingia. Jina lenyewe ni la Kiarabu, chemchemi za moto, mzizi ule ule wa hamamu. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Unguja, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wiki hii wanajiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, usiku wa tarehe 12, kwa hiyo karatasi za rangi zimetundikwa kutoka dirisha hadi dirisha na moshi wa dagaa wakubwa wa kuchoma umejaa kila kona. Na nilikuta rihani! Vyungu vidogo vya rihani ya majani membamba vinauzwa kila mlango. Vijana humpelekea wampendaye, kikiwa na ua la karatasi na ubeti wa shairi uliochomekwa kwenye kijiti. Muuzaji alinizuia nilipoinamisha pua. Hainuswi hivyo. Unaipapasa kwa kiganja kwanza, halafu unanusa kiganja. Harufu ilikuwa ya kikuba cha bibi yangu, harufu ya Alhamisi jioni, na ilinibidi nisimame kidogo pembeni.

Chini kidogo, kwenye ukuta wa mji wa kale, ipo chemchemi ya mfalme, Chafariz d'El-Rei. Katika karne ya 16 watu walikuwa wakigombania maji, ikatoka amri ya kugawa midomo ya maji, mmoja wa watumwa na watu weusi, mwingine wa wengine, kila kundi na wake. Mwaka 1551 palihesabiwa mjini watumwa karibu elfu kumi katika watu laki moja. Mmoja katika kila kumi. Wengi waliletwa kutoka Afrika Magharibi, si kwetu. Hata hivyo nilisimama mbele ya mawe yale nikiwaza mtu mwenye mtungi kichwani, anayesubiri zamu yake kwenye mdomo wake.

Kanisa kuu, Sé, lilijengwa baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147, mahali palipokuwa na msikiti. Tulilipita haraka. Tulimalizia Santa Luzia, kwenye roshani inayotazama mapaa na mto, ambapo ukuta wa kanisa una picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja wa jumba la mfalme kabla ya tetemeko. Kutoka dirisha fulani ilisikika sauti ya mwanamke akiimba fado kwa gitaa mbili. Watu wa chini walinyamaza wote, hata waliokuwa na sahani. Fado haishangiliwi katikati kama taarabu yetu, ambapo ungeinuka ukamtunze mwimbaji. Hapa heshima ni kimya. Lakini lile donge la kooni ni lile lile.

Kila mtu alimpa mwongozaji alichojaliwa. Mimi nilimpa na leso, moja ya mbili nilizobeba za zawadi. Aliisoma jina lake yeye mwenyewe: "Lenço."

Jumatatu, 10 Juni

Miguu imevimba. Sikukuu ya taifa lao, maduka mengi yamefungwa. Tumekula biriani ya Wabangladeshi Martim Moniz, nzuri, ingawa pilipili yao haina huruma.

Jioni tulitoka wenyewe, bila mwongozaji, kwenda mtaa uitwao Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel aliandika barua kuamuru lichimbwe shimo upande huo, maana maiti za watumwa zilikuwa zikitupwa ovyo na mbwa wakizila. Amri yake ilikuwa kwamba miili itumbukizwe shimoni na kumwagiwa chokaa mara kwa mara. Leo ni mtaa wa mikahawa. Vijana wamekaa nje wanakunywa kahawa, na jina liko ukutani juu ya vichwa vyao. Mpwa wangu amepita hapa mwaka mzima akienda chuoni, hakujua. "Shangazi, nilidhani ni jina tu."

Hatukujua shimo lilikuwa sehemu gani hasa. Tulisimama penye bango la mtaa tukasoma Fatiha. Katika waliotupwa humo wapo waliokuwa Waislamu, na hakuna aliyewaswalia. Watu walipita kati yetu wakisema samahani.

Jumanne, 11 Juni

Saa nne asubuhi mlango ulipofunguliwa tulikuwa wa kwanza. Kupanda ngazi, kupita vyumba vya vyombo vya fedha, na pale, peke yake ndani ya kioo, imesimama.

Custódia de Belém ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe. Ni ya dhahabu na rangi za enameli. Kazi yake ni ya sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka katikati, wadogo kama kidole, na kila mmoja ana uso wake, ndevu zake, mikunjo yake ya nguo. Juu yao matao membamba yanapanda kama minara ya nyuzi. Sikutegemea itakuwa nzuri kiasi hiki. Nilikuja na maneno yangu tayari, na kwa dakika kadhaa niliyasahau, nikawa natazama tu mikono ya fundi.

Kisha nikapiga goti, maana maandishi yako chini, yamezunguka tako. Mpwa wangu anasoma Kireno vizuri kuliko mimi, lakini neno moja nililiona mwenyewe kabla hajalifikia. QILVA, U yao ikiandikwa V. Akatafsiri taratibu: Mwana wa kifalme mtukufu sana na bwana mwenye nguvu, mfalme Dom Manuel wa Kwanza, aliagiza ifanywe kwa dhahabu na kodi ya utii ya Kilwa. Ilimalizika 1506.

Nilifungua daftari, nikatazama ile duara. Mwaka ule ule ambao watu waliwindwa mitaani kule São Domingos, sonara alikuwa anapiga msasa magoti ya mitume hawa. Na mfalme ni yule yule wa barua ya shimo. Jumba lake lilianguka. Casa da Índia na daftari zake zikaenda na maji. Hiki kikabaki, na jina letu kwa herufi za enameli.

Mlinzi alikuja kuona kwa nini nimekaa chini. Nilimwonyesha pasipoti yangu, ukurasa ulioandikwa mahali pa kuzaliwa. Alisoma, akatazama kioo, akasoma tena. Alituletea kiti.

Nilimpigia baba, hakupokea. Alikuwa na wageni Kisiwani.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi Belém. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya monasteri ya Jerónimos, jiwe jeupe, mikono imekutanishwa kifuani. Monasteri hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1501, ilipata fedha zake nyingi kutokana na ushuru wa bidhaa za Afrika na India, na monstransi ile Manuel aliwaachia watawa wa hapa kwa wasia. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Hatukukaa.

Usiku ni wa Mtakatifu Antonio. Alfama nzima imekuwa jiko moja. Baba amepiga saa tatu usiku ya hapa, kwao saa tano, nikiwa nimebanwa kwenye ngazi kati ya watu wanaocheza. Nilipanda mpaka nilipopata kona yenye utulivu kidogo.

"Umeiona?"

"Nimeiona, baba."

"Kubwa?"

"Ndogo. Haifiki mita. Ungeweza kuipakata kama mtoto."

"Wameandika ni ya nani?"

"Wameandika Kilwa."

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kesho asubuhi ana kundi la watu wanane, wataanza na Gereza, maji yatakuwa yamejaa. "Niandikie maneno hayo kama yalivyo, kwa lugha yao kwanza, halafu kwa yetu. Herufi kubwa, macho yangu unayajua."

Nimekaa ngazini, daftari juu ya goti, mpwa wangu ananimulikia kwa simu yake. Naandika: O MVITO ALTO. Herufi moja moja, ili ikipigwa picha isomeke ndani ya mashua.